Daftari la Koo: Vijana Wenye Polipozi ya Kurithi katika Hospitali ya St Mark's

Hospitali ya St Mark's, iliyoasisiwa London mwaka 1835 na daktari mpasuaji Frederick Salmon kwa ajili ya maradhi ya njia ya haja kubwa, haikuwa hospitali ya watoto. Hata hivyo ndimo ulimozaliwa utaratibu wa kuwafuatilia vijana waliorithi hatari ya saratani hadi utu uzima wao. Katika mwaka 1925 mpasuaji wake, J. P. Lockhart-Mummery, alichapisha habari za koo tatu ambamo saratani ya utumbo mpana ilijirudia kizazi baada ya kizazi, naye mwanapatholojia Cuthbert Dukes, akisaidiwa na H. J. R. Bussey, akawa anachora nasaba za koo za namna hiyo na kuzihifadhi katika rejista moja. Maradhi yenyewe ni polipozi ya kurithi, yaani hali ambayo vinyama vidogo viitwavyo polipu huota kwa mamia au maelfu ndani ya utumbo mpana, aghalabu tangu ujanani, na utumbo huo usipoondolewa karibu kila aliyeirithi hupata saratani, wengi wao wakiwa na umri wa takriban miaka 40. Kila mtoto wa mwenye hali hiyo ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi.

Ubora wa rejista hiyo, ambao haujasifiwa vya kutosha, ni kwamba iliandikisha ukoo mzima badala ya mgonjwa mmoja mmoja. Ndugu na watoto waliojiona wazima waliitwa wapimwe kabla ya dalili yoyote, na kijana aliyefikia utu uzima alibaki katika ukurasa uleule wenye jina la mzazi wake. Hata upasuaji ulioanza kufanywa hapo mwaka 1948, wa kuondoa utumbo mpana na kuunganisha utumbo mwembamba na rektamu, yaani sehemu ya mwisho iliyobakizwa, haukumaliza safari, kwa kuwa sehemu hiyo ilipaswa kuchunguzwa maisha yote.

Jeni ya APC, ambayo ikiharibika huleta maradhi haya, ilipotambuliwa mwaka 1991, kipimo cha damu kiliwaondolea hofu watoto wasiorithi jeni iliyoharibika, lakini walioirithi walijulikana wakiwa bado wadogo, na wengi wakahudumiwa katika kliniki za watoto. Hapo ndipo ufa ulipotokea: kwa daktari wa watoto mzazi ndiye aliyejibu na kukumbuka miadi, ilhali kwa daktari wa watu wazima kijana hutakiwa kuyabeba hayo peke yake, mara nyingi katika miaka ileile anayohama nyumbani na kutafakari kuondolewa utumbo, na pengine mzazi aliyemrithisha hali hiyo ameshafariki kwayo. Mwongozo wa kitaifa wa Uingereza wa mwaka 2016 uliagiza maandalizi ya kuhamia huduma za watu wazima yaanze kijana akiwa na miaka 13 au 14, pamoja na mhudumu mmoja anayejulikana kwa jina wa kumwongoza. Umri huo unalingana na ule wa kuanza kolonoskopi, yaani kuchunguzwa utumbo mpana kwa mrija wenye kamera, ambao kwa kawaida ni miaka 12 hadi 14.

Madhara ya kumpoteza kijana katika mwanya huo ni makubwa kuliko kukosa miadi tu, kwa sababu duodeni, sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, ambayo nayo huota polipu na huweza kupata saratani, kwa desturi huanza kuchunguzwa akikaribia miaka 25, muda mrefu baada ya kliniki ya watoto kulifunga faili lake.