Kurudi Kazini Baada ya Maradhi ya Akili: Niliyoyaona Migori na Homa Bay

Nilipougua sonona nikiwa karani wa ghala mjini Migori, jamaa zangu walinisitiri kwa nia njema. Walimwambia bosi nimeitwa Mombasa kwa dharura ya kifamilia. Nilipopata nafuu na kurudi nikakuta barua: nimetoroka kazi. Kwa aliyoambiwa, ningekuwa yeye ningeiandika vilevile.

Kosa letu lilikuwa kuficha. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, humpa mfanyakazi aliyetimiza miezi 2 mfululizo likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara, kila miezi 12. Ugonjwa ni ugonjwa, uwe wa malaria au wa akili. Masharti ni mwajiri ajulishwe mapema iwezekanavyo, na kiwepo cheti cha daktari. Si lazima mgonjwa apeleke habari mwenyewe; mke au ndugu anaweza kumpelekea. Hapo ndipo sisi watu wa pwani, kwa kuogopa aibu, tunapowaponza wapendwa wetu.

Bosi akitaka kukuachisha kwa sababu kazi imezorota, kifungu cha 41 kinamtaka akueleze sababu kwa lugha unayoifahamu, mbele ya mfanyakazi mwenzako uliyemchagua, kisha akusikilize. Ukifutwa, una miezi 3 kupeleka malalamiko kwa afisa wa kazi. Mimi niliyajua haya mwezi wa tano.

Kazi ya pili niliipata Homa Bay, kwa mfanyabiashara wa dagaa, ambao huko huitwa omena. Safari hii nilimweleza mapema. Tukakubaliana: wiki mbili za kwanza nusu siku, zamu ya usiku hapana kwa kuwa dawa zaleta usingizi, hesabu za fedha zipitiwe na mwenzangu, na siku ya kliniki niruhusiwe. Tuliyaandika kwenye karatasi moja, tukatia sahihi. Hakuna ofisi iliyotuletea mpango huo, na haukumgharimu kitu kikubwa.

Kwa mvuvi wa Mbita au mchimba dhahabu wa Macalder, barua na likizo ni hadithi tu. Analipwa kwa alichopata siku hiyo. Nilichokiona kikisaidia ni mwenye mashua kumhifadhia mtu nafasi yake, na kumpa kazi za nchi kavu kwanza: kushona nyavu, kuanika omena, kupima mzigo. Kumrudisha ziwani usiku mtu anayesinzia kwa dawa ni kumtafutia mauti. Familia ikazungumze na mwenye mashua, au na viongozi wa BMU ya ufuo wake.

Na dawa usiziache kwa kuwa umeanza kupokea mshahara. Mimi niliziacha mara moja, na wiki ya tatu nilikuwa nimerudi kitandani. Muulize daktari kwanza.