Foreman na marudiano aliyoyakosa
Mashabiki wa ngumi bado wanabishana: George Foreman angepewa marudiano na Muhammad Ali, angeshinda? Hoja yao kubwa ni kamba. Alfajiri ile ya Oktoba 30, 1974, mjini Kinshasa, kamba za ulingo zilikuwa zimelegea. Ali akaziegemea, akajikinga kwa mikono huku Foreman akitwanga mbavu na viwiko mpaka pumzi ikamwishia. Raundi ya 8 akaanguka. Lakini kamba hazirushi ngumi. Foreman alipanda ulingoni na ushindi 40 bila kupoteza, na Joe Frazier na Ken Norton, wote waliowahi kumshinda Ali, alikuwa amewamaliza kila mmoja ndani ya raundi 2. Nguvu hizo ndizo zilizomponza: aliyezoea kumaliza kazi mapema hakujua kuzigawa pumzi zake.

Marudiano hayakufanyika. Mwaka 1977 alishindwa na Jimmy Young, akaacha ngumi kwa miaka 10. Kwangu mimi, jibu lake alilitoa Novemba 5, 1994: akiwa na miaka 45 alimwangusha Michael Moorer raundi ya 10, akautwaa tena ubingwa aliopokonywa na Ali, kavaa bukta nyekundu ileile ya Kinshasa.