Saa ya Nyuki

Katika milima ya Nyambene, ulipo mji wa Maua, tangu kale Wameru walitundika mizinga ya magogo mitini. Asali ilikuwa sehemu ya mahari, nao warinaji waliiendea usiku wakiwa na moshi, kwa kuwa gizani nyuki hawaruki. Basi wazee wale walikwisha kujua kwamba kazi ya nyuki ina saa zake.

Wataalamu wa Ulaya walilipima jambo hilo baadaye. Mwaka 1929 Ingeborg Beling, mwanafunzi wa Karl von Frisch huko Ujerumani, alieleza kwamba nyuki waliolishwa kila siku kwa wakati uleule walirudi kwa wakati huo hata chakula kisipowekwa. Mwaka 1955 Max Renner aliwazoeza nyuki kula jioni mjini Paris, kisha akawasafirisha kwa ndege hadi New York. Huko nako walitoka kutafuta chakula kwa saa ya Paris. Ikadhihirika kwamba saa hiyo imo mwilini mwao.

Kati ya miaka hiyo, dunia ilipata sumu mpya. Mwaka 1939 Paul Müller wa Uswisi aligundua kwamba DDT huua wadudu. Kenya iliipiga marufuku katika kilimo mwaka 1986, lakini dawa nyingine zilikwisha kuingia mashambani. Majaribio yameonyesha kwamba kipimo kilekile cha sumu hakimdhuru nyuki sawasawa saa zote za siku, tena saa ya hatari hutofautiana baina ya sumu na sumu.

Lakini liko jambo moja lililo wazi kwa mkulima. Anyunyizaye mchana, nyuki wakiwa mauani, huwamwagia sumu miilini. Anyunyizaye baada ya jua kuchwa huwakuta wamekwisha kurudi mzingani. Hata hivyo asijidanganye, maana ziko sumu zikaazo juu ya ua siku kadhaa, nazo humngojea nyuki asubuhi. Hizo hazifai kutiwa penye maua, iwe usiku au mchana.

Mrinaji wa kale aliuchagua usiku ili asiumwe. Mkulima wa leo hana budi kuchagua saa yake kwa ajili ya nyuki mwenyewe, kwani bila nyuki mizinga itabaki mitupu, na miparachichi yake itazaa haba.