Safari za Miguu za Bara: Jinsi Wazee Walivyojitengeneza Kabla ya Kuondoka

Wasikilizaji wetu, reli ilifika Tabora mwaka 1912, na mwaka 1914 ikafika Kigoma, karibu na Ujiji. Kabla ya hapo, mtu aliyetaka kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji alikwenda kwa miguu, mwendo wa maili zipatazo 750, na vitu vyote vilichukuliwa vichwani na mabegani mwa watu. Vitabu vya shule vimesimulia sana habari za waliofika kwenye maziwa. Leo twapenda kueleza kazi iliyotangulia, yaani matengenezo ya safari, kwa kuwa safari nyingi zilifaulu au ziliharibika kwa sababu ya mambo yaliyofanywa, au yaliyosahauliwa, kabla ya mtu kuinua mguu.

Jambo la kwanza lilikuwa mali. Fedha ya pwani haikufaa kitu bara. Msafiri alinunua chakula na kulipa hongo kwa nguo, shanga, na masango, yaani waya nene za shaba. Stanley alipofika Unguja mwezi wa Januari 1871, alikuwa amesoma vitabu vya Wazungu waliomtangulia, lakini hakuona humo jawabu la swali dogo: watu mia wahitaji nguo kiasi gani ili wale? Ndipo alipowaendea wafanya biashara waliozoea safari za Unyamwezi. Wakamwambia kwamba watu 100 watatoshelezwa na doti 10 kwa siku, na doti moja ni yadi 4. Wanafunzi na waifanye hesabu hii: kwa mwaka mmoja ni doti 3,650. Katika hizo, 2,000 zilikuwa za merikani, 1,000 za kaniki, na 650 za nguo za rangi. Akaelezwa tena kwamba bara shanga ni kama pesa za shaba, nguo ni kama fedha, na masango, ng'ambo ya Tanganyika, ni kama dhahabu.

Lakini kujua idadi hakukutosha, ilipasa kujua na namna. Shanga nyeusi zilizoitwa bubu zilipokewa Ugogo, na mahali pengine hazikununua hata kibaba cha mtama. Mwenye kuchukua shanga zisizotakiwa alikuwa kama maskini, ingawa mizigo yake ni mingi. Joseph Thomson aliona jambo hili mwaka 1883 huko Taveta, alipokuwa akielekea nchi ya Wamasai. Wamasai hawakuzitaka shanga ila zimetungwa kwa urefu wanaoujua wao. Basi ikabidi watu wake wakae kitako wazitunge upya, maelfu ya nyuzi, kabla ya kuendelea.

Jambo la pili lilikuwa mzigo. Kipimo cha desturi kilikuwa frasila mbili, yaani ratili 70. Nguo zilikunjwa, zikashindiliwa, zikafungwa kwa kamba na jamvi hata zikawa mtumba mrefu mgumu. Wanyamwezi waliufunga mtumba kwa miti mitatu au zaidi, nao walipopumzika waliuegemeza mtini, usilale chini ukapata unyevu na mchwa. Waya za shaba zilitundikwa katika ncha mbili za mti, zikachukuliwa begani kwa mzega. Juu ya mzigo wa bwana kulikuwa na vitu vya mpagazi mwenyewe: mkeka wake, kibuyu cha maji, chungu, na posho. Basi ratili 70 hazikuwa uzito wote.

Mzigo usiopimwa vema ulikuwa hatari. Mwaka 1874 Stanley alirudi Unguja na mashua iitwayo Lady Alice, iliyoundwa Uingereza katika vipande ili ichukuliwe na watu. Vipande vilipowekwa katika mizani vikaonekana ni vizito mno, vya kumshinda mchukuzi katika njia nyembamba za msituni. Ikabidi vikatwe tena huko Unguja. Mashua ile ilizunguka ziwa Nyanza mwaka 1875, na Tanganyika mwaka 1876. Kama haikupimwa Unguja, pengine ingaliachwa porini.

Jambo la tatu, nalo ndilo kubwa, lilikuwa watu. Wanyamwezi walisifiwa kuliko wote kwa kazi ya upagazi, tena kwao ilikuwa ni jambo la heshima kijana kwenda pwani na kurudi. Watu wa Unguja na wa mrima nao walijiandikisha. Wengine walikuwa watumwa, na sehemu ya mshahara wao iliishia mikononi mwa bwana aliyekaa nyumbani. Mwaka 1874 watu wa Stanley walipewa mshahara wa miezi minne kabla ya kuondoka, na kwa fedha hiyo wengi waliacha chochote kwa jamaa zao.

Kila safari ilikuwa na kirangozi wake. Huyu alitangulia na bendera, amevaa nguo nyekundu na manyoya kichwani, wala hapana aliyeruhusiwa kumpita njiani. Nyuma walikuwako wanyapara waliowaangalia watu na mizigo. Wapagazi waligawanyika katika makambi, watu wachache kwa chungu kimoja, wakapika na kula pamoja, na mmoja akiugua wenziwe walimjua upesi. Wanawake wengi walifuatana na waume zao, nao walipika na kuchukua vyombo.

Yatupasa kumtaja hapa Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa Bara Hindi, kisha akarudi Unguja akiwa huru. Alisafiri na Burton na Speke tangu mwaka 1857, na Speke na Grant tangu mwaka 1860, na Stanley mwaka 1871, kisha na Cameron, akafika pwani ya magharibi mwaka 1875. Wazungu hao walipokezana, lakini Bombay alikuwamo katika safari zote nne. Elimu ya njia ilikaa ndani ya watu kama huyu.

Jambo la nne lilikuwa majira na maji. Wanyamwezi walipenda kuwa kwao wakati wa mvua ili walime, basi aliyewataka ilimpasa kuifuata kalenda ya jembe. Mbuga ya Mkata wakati wa masika ilikuwa ziwa la matope. Stanley aliivuka masika ya mwaka 1871, na punda wake wakafa na watu wake wakaugua. Mbele yake, kati ya Mpwapwa na Ugogo, kulikuwa na Marenga Mkali, pori lisilo na maji. Hapo wazoefu walifanya terekeza: walipika na kula mchana, wakajaza vibuyu, wakaondoka alasiri, wakalala porini bila maji, na kesho yake wakafika kwenye visima. Asiyejua desturi hii aliondoka asubuhi kama siku nyingine, na jua likamkuta katikati.

Tena walikuwa na hekima ya siku ya kwanza. Msafara haukwenda mbali siku ile. Kambi ya kwanza ya Stanley alipotoka Bagamoyo tarehe 21 Machi 1871 ilikuwa Shamba Gonera, mwendo wa saa moja na nusu tu. Asiyejua angesema ni uvivu. Lakini hapo ndipo mtu alipokumbuka alichokisahau akakifuata mjini, na mzigo uliofungwa vibaya ukafungwa upya.

Basi huenda msikilizaji akadhani kwamba mwenye mali nyingi na watu wengi amekwisha jitengeneza. Na asikilize habari hii. Tarehe 17 Novemba 1874 Stanley aliondoka Bagamoyo na watu 356, na hapakuwa na safari nyingi zilizopata kuwa na mali kama yake. Mwanzo wa mwaka 1875, alipopita Ugogo, aliiacha njia kuu ya Unyanyembe, iliyokuwa ikijulikana kwa kila mpagazi, akashika njia ya kaskazini. Viongozi wa njia walitoroka. Njia yenyewe ikapotea katika nyayo za ndovu na vifaru. Siku zikapita pasipo kijiji. Mitumba ya nguo ilikuwako, shanga zilikuwako, masango yalikuwako, lakini hapakuwa na mtu wa kuuza hata punje moja. Stanley akalitoa sanduku lake la chuma la nguo, akalijaza maji, akatia ratili 10 za unga wa shayiri na makopo machache ya unga mwingine, akapika uji mwepesi wa kuwagawia watu zaidi ya 220. Vijana wenye nguvu wakatumwa mbele mpaka Suna kutafuta nafaka, nao wakarudi nayo. Lakini wenzao wengine walikuwa wamekwisha kufa kwa njaa porini.

Safari hiyo ilipofika Boma, karibu na mlango wa mto Kongo, mwaka 1877, hawakutimia watu 120. Wengine walitoroka, lakini wengi waliuawa na njaa, maradhi, maji, na vita.

Twajifunza nini? Mali ni nguvu mahali palipo na mwenye kuuza, na palipo na mwenye kuuza pajulikana kwa wale waliopita tu. Kwa hiyo mzigo ulio bora kupita yote ulikuwa maarifa ya njia, nao hauna uzito, wala haupatikani dukani. Stanley aliyeuliza Unguja mwaka 1871 alipata hesabu sahihi. Alipokwenda mahali ambapo hapakuwa na wa kumwuliza, walioumia kwanza ni wale waliochukua mizigo. Wazee walisema kweli: asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Tena wako waliosema pia kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Majina ya waliochukua mizigo hayakuandikwa mengi. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, katika kitabu cha desturi za Waswahili kilichotolewa mwaka 1903, alieleza na mambo ya safari za bara, nasi twamshukuru. Hata hivyo wapagazi wenyewe wamekwisha kufa wote, na habari zilizobaki zimo katika masimulizi ya wajukuu. Twawaomba wanafunzi wazitafute habari hizo kwa wazee wa jamaa zao, hasa katika nchi ya Unyamwezi na pande za pwani: babu alichukua mzigo gani, alilala wapi, alikula nini, na nani alirudi. Na waziandike katika daftari, pamoja na majina, zipate kusomwa na watakaokuja.