Kupaka rangi humwandaa mtoto wa chekechea kuandika na kuhesabu

MZAZI wa Migori au Homa Bay akifungua daftari la mtoto wa chekechea na kukuta rangi tupu badala ya herufi, huenda akadhani muda unapotezwa bure. Sivyo.

Mtoto mdogo huanza kwa kushika kalamu kwa ngumi na kuisukuma kwa nguvu za bega. Kupaka rangi humzoesha kuishika kwa ncha za vidole, kugeuza kifundo cha mkono na kupima nguvu anayokandamizia karatasi. Misuli hiyo ndiyo atakayoitumia kuandika. Anayelazimishwa kunakili herufi kabla ya vidole kukomaa huchoka upesi na huweza kuchukia kuandika.

Faida ya pili ni lugha na hesabu. Mtoto wa Kijaluo atasema rakwar, rateng' na rachar kabla ya kujifunza kusema nyekundu, nyeusi na nyeupe. Wenzake Wakuria na Wasuba nao waanze kwa lugha zao. Akiambiwa apake rangi ngege wawili wakubwa na kumwacha mdogo, amehesabu, amelinganisha na kufuata maagizo.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini 2019, unatambua shughuli za ubunifu katika madarasa ya PP1 na PP2. Katiba ya 2010 nayo ilikabidhi serikali za kaunti elimu ya chekechea.

Hata hivyo, ukosefu wa krayoni usiwe kisingizio. Makaa yaliyosagwa, udongo mwekundu, manjano ya jikoni na majani ya sukumawiki yaliyopondwa hutoa rangi. Kijiti kilichopondwa ncha huwa brashi. Katika kisiwa cha Mfangano, Homa Bay, michoro ya kale ya rangi nyekundu na nyeupe ingali kwenye miamba.

Mwalimu asimkemee mtoto kwa kuvuka mistari, wala asitegemee picha zilizochorwa tayari pekee, kwani mtoto anahitaji pia kuchora anachokiwaza. Mzazi naye amwombe aisimulie picha yake. Mtoto anayezijua rangi nyingine lakini akaendelea kuchanganya nyekundu na kijani, hasa mvulana, apimwe macho badala ya kuitwa mzembe.