Anwani ya Barua ya Kwenda Asumbi

Mzazi wa Mombasa mwenye binti anayesoma Asumbi, kaunti ya Homa Bay, asitaje barabara wala kijiji kwenye bahasha. Kwetu Kenya barua kwa kawaida haziletwi mlangoni, huenda kwenye sanduku la posta. Anza na jina la mwanafunzi na darasa lake, kwa kuwa shule nzima hutumia sanduku moja. Kisha jina la shule, S.L.P. na nambari, mwisho 40309 Asumbi.

Wengi huacha hiyo 40309. Ukiandika 40300 umeielekeza Homa Bay mjini, na fomu ya basari ina siku yake. Kwenye kifurushi ongeza simu ya ofisi ya shule (wanafunzi hawaruhusiwi simu). Nyuma weka anwani yako na 80100 Mombasa, kisipochukuliwa kirudi.