Selimundu: "moja kati ya nne" ina maana gani?

Juni 19 kila mwaka ni Siku ya Selimundu Duniani. Kwa wanafunzi wa sekondari, ugonjwa huu ni mfano unaojirudia sana katika mada ya urithi. Kwa familia nyingi za Afrika Mashariki ni jambo la nyumbani. Makala hii inaeleza mambo ya msingi, pamoja na sehemu ambazo wengi huteleza.

Kosa dogo, madhara makubwa

Himoglobini ni protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu. Jeni ya sehemu yake moja iko kwenye kromosomu namba 11. Herufi moja ya DNA ikibadilika hapo, asidi amino ya sita, glutamiki, nafasi yake inachukuliwa na valini. Oksijeni inapopungua, himoglobini hiyo hugandamana na chembe hujikunja kama mundu. Chembe hizo huziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali. Pia hufa mapema: chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, yenye selimundu siku 10 hadi 20. Ndiyo maana mgonjwa hupungukiwa damu.

Malaria inahusikaje?

Mwaka 1954 Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alionyesha kuwa watu wenye nakala moja ya jeni hiyo (AS) wana kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Aliwakuta wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, wachache kwenye nyanda za juu zenye baridi. Huo ni uteuzi wa asilia: penye malaria nyingi, AS wana nafuu ya kuishi, hivyo jeni haipotei.

Angalia mtego huu: mgonjwa mwenye SS hana nafuu hiyo. Malaria ni hatari sana kwake. Na AS naye anaweza kuugua malaria, kwa hiyo chandarua kinamhusu.

Hesabu ya urithi

Baba AS na mama AS wakipata mtoto, uwezekano ni huu: AA robo, AS nusu, SS robo. Wengi husoma robo hiyo kama ahadi, kwamba katika watoto wanne atakuwepo mgonjwa mmoja tu. Si hivyo. Kila mimba inaanza hesabu upya na haijui matokeo ya iliyotangulia. Uwezekano wa watoto wanne wote kukosa SS ni ¾ × ¾ × ¾ × ¾, yaani 81/256, karibu theluthi moja. Vilevile, wazazi waliokwisha kupata mtoto mgonjwa wasidhani wanaofuata wamesalimika.

Kumbuka pia kwamba SS hupokea nakala moja kwa baba na nyingine kwa mama. Kumlaumu mama peke yake, kama inavyotokea katika baadhi ya nyumba, hakuna msingi wa kibaiolojia. Kipimo cha damu kabla ya ndoa huwaonyesha wote wawili walipo.

Habari za tiba

Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha Casgevy, tiba ya kwanza duniani inayotumia teknolojia ya CRISPR, na Marekani ikafuata Desemba. Seli mama za damu za mgonjwa hutolewa, jeni iitwayo BCL11A hudhoofishwa ndani yake, kisha seli hurudishwa. Mwili huanza tena kutengeneza himoglobini ya utotoni, ile ya mtoto aliye tumboni, ambayo haigandamani. Bei yake Marekani inazidi dola milioni 2, hivyo kwa wagonjwa wengi wa kwetu bado iko mbali. Wanaendelea kutegemea huduma za kliniki na dawa kama haidroksiurea.

Jipime

1. Je, mbu anaweza kuambukiza selimundu?
2. Baba ana AS, mama ana AA. Je, wanaweza kupata mtoto SS?
3. Mgonjwa SS aliyetibiwa kwa CRISPR akioana na AA, watoto watakuwaje?

Majibu: (1) Hapana, selimundu hurithiwa tu. (2) Hapana, kila mtoto ana nusu ya uwezekano wa kuwa AS. (3) Wote AS, kwa sababu tiba hubadili seli za damu, si mbegu wala mayai.